Kopi Safi ya Mama Farouk

Kiwanda kile cha dawa kilikuwa Ruiru, upande wa Mugutha, na ukikaribia lango harufu ya sukari iliyochemshwa ilikupokea kabla ya askari. Hapo ndipo Zubeida alipofanya kazi miaka kumi na tatu. Watu walimwita Mama Farouk, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Aliingia kama mpishi wa chai. Halafu siku moja karani akawa mgonjwa, Bwana Viren mwenye kiwanda akatafuta mtu wa kuandika lebo za faili, na Zubeida, aliyeishia darasa la nne kule Majengo ya Thika, akashika kalamu. Mwalimu wake wa zamani alikuwa amemchapa vidole mpaka herufi zake zikasimama wima bila moja kuegemea nyingine. Bwana Viren aliziangalia zile lebo kwa muda, akasema, "Kuanzia kesho chai itapikwa na mtu mwingine."

Akapewa chumba cha faili. Kilikuwa chumba kirefu, chembamba, rafu mpaka darini, dirisha moja la juu. Kila dawa iliyopikwa pale ilipewa namba, bechi namba fulani, na kila bechi ilikuwa na fomu yake: nani amepima, nani amekoroga, vitu vimetoka pipa gani, moto umewaka saa ngapi. Mtoto akiumwa huko mbali, namba iliyo kwenye chupa ndiyo inakuelekeza kwenye fomu, na fomu inakwambia kilichotiwa ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Zubeida aliielewa vizuri kuliko wengi waliosoma kumpita.

Lakini palikuwa na desturi. Fomu zilizojazwa kando ya masufuria zilirudi zikinata, zina alama za vidole, nyingine zimeliwa pembeni na maji ya moto. Bwana Viren hakupenda uchafu. Wakaguzi wakija kutoka Nairobi alitaka waone karatasi nyeupe. Kwa hiyo kila jioni Zubeida alichukua karatasi chafu, akaiandika upya yote kwenye fomu mpya, mkorogaji akaja akatia sahihi, na hiyo ndiyo ikaitwa kopi safi. Zile chafu zamani zilifungwa nyuma. Rafu zilipojaa, zikawa zinapelekwa jikoni kuwashia jiko la makaa.

Mkorogaji wa dawa ya kikohozi alikuwa Simeon, mzee wa Gatuanyaga, mtu mrefu wa mikono mikubwa, mwenye mbuzi wachache na mke aliyefariki zamani. Alikuwa kiwandani tangu sufuria la kwanza. Yeye na Zubeida walitaniana kama watu waliozaliwa mlango mmoja, na utani wao mkubwa ulikuwa ni ulimi wa Simeon, maana r na l kwake zilibadilishana viti zilivyopenda.

"Mama Faluku," angesema akiingia, "leo kalatasi imerowa kidogo."

"Imerowa au imelowa?"

"Zote mbili. Ni maji mengi."

"Na Jumapili utakuwa wapi, mzee?"

"Jumapiri nitarara."

"Utalala au utarara?"

"Nikichoka nitarara. Nisipochoka nitalala. Wewe nipe mahali pa kutia sahihi niende nyumbani, mbuzi hawajui kusoma."

Na kwenye kuandika vilevile. Simeon aliandika halufu, aliandika sukali, aliandika rita ishirini. Zubeida hakumcheka mbele za watu. Akinakili, alizirudisha herufi mahali pake moja moja, kama mama anayemfunga mtoto vifungo vya shati kabla hajaonekana na wageni. Simeon alijua. Alikuwa akitia sahihi bila kusoma. "Ukiandika wewe," alisema, "mimi naonekana nimefika chuo."

Mwaka wa tisini na sita, mwezi wa tano, dawa ya kikohozi ya bechi mia mbili na kumi na mbili ilipikwa. Karatasi chafu ikaja kama kawaida. Kwenye mstari wa gliserini, yale majimaji mazito matamu yanayofanya dawa iteleze kooni, Simeon alikuwa ameandika: Lasino, pipa 4.

Zubeida alitabasamu. Miaka yote gliserini ya kiwanda ilitoka kwa watu wa Rasino, mapipa meupe yenye jina jekundu. Akaandika kwenye kopi safi: Rasino, pipa 4. Simeon akaja, akatia sahihi, akauliza kama kuna chai iliyobaki. Karatasi chafu ikaenda jikoni.

Asichokijua Zubeida, kwa sababu alikaa na karatasi na si na mapipa, ni kwamba mwezi ule Bwana Viren alikuwa amenunua gliserini kwa mfanyabiashara mpya. Unajua bidhaa za bei rahisi zinavyojiita majina ya kufanana na zile zinazojulikana. Hii ilikuja kwenye mapipa ya buluu, na jina lake, kwa herufi zilezile nyekundu, lilikuwa Lasino.

*

Mwezi wa sita barua ikaja kutoka zahanati ya Gatuanyaga. Watoto wawili walikuwa wamevimba nyuso na kushindwa kwenda haja ndogo. Wote wawili walikunywa dawa ya kikohozi, na chupa zote zilikuwa za mia mbili na kumi na mbili. Walipelekwa hospitali Thika, wakapona, lakini kwa shida.

Dimple, mkwe wa Bwana Viren, ndiye aliyesimamia ubora wa dawa. Alikuwa mwanamke kijana, amesomea kemia, anaongea haraka. Aliliitisha faili, Zubeida akalileta mwenyewe. Wakakaa ofisini: Bwana Viren, Dimple, Simeon amesimama na aproni yake, Omondi wa stoo mlangoni. Zubeida alisimama karibu na kabati, ili awepo faili likihitajika tena.

"Ni gliserini," Dimple alisema. "Dalili ni za gliserini mbaya. Hapa inasema Rasino, pipa namba nne."

Simeon akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Sio ile. Nilitoa kwa ile mpya."

"Mpya gani?"

"Rasino."

"Ndiyo. Rasino. Ndivyo karatasi inavyosema."

"Hapana." Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Sio Lasino ya zamani. Ni Rasino ya buruu."

Bwana Viren akamtazama Omondi, na Omondi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akashindwa kuzuia kicheko kidogo. Akasema, "Anamaanisha Lasino, bwana. Ile ya pipa la buluu."

Hapo ndipo Zubeida alipolisikia jina lile kwa mara ya kwanza. Aliliona, kwa kweli, zaidi ya kulisikia. Aliona ile L ya Simeon, kubwa, imeegemea nyuma, na alama ya kidole cha sukari pembeni. Aliona kalamu yake mwenyewe ikiandika R. Akashika mpini wa kabati.

"Karatasi imesema Rasino," Bwana Viren akasema. "Na sahihi hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Ulisoma kabla ya kutia sahihi?"

Simeon akageuza macho kidogo tu kuelekea kabatini, akayarudisha.

"Lasino ilikuja na vyeti vyake vyote," Bwana Viren aliendelea. "Nimeviona, mihuri na kila kitu. Huyu mzee aliacha pipa la Rasino wazi, likaingia kitu, sasa anataka kunionyesha pipa jingine. Omondi, mapipa ya namba nne yako wapi?"

"Yote mawili yameisha, bwana. Yameshaoshwa."

"Basi."

Lile basi lilimaliza miaka ya Simeon. Aliambiwa arudishe aproni. Mapipa mawili ya Rasino yaliyobaki yalimwagwa siku ileile. Yale ya buluu yakabaki stoo, kwa sababu karatasi haikuwa na neno nayo.

Zubeida alirudi chumbani kwake, akakaa kitini, akajiandaa kwenda kusema. Alijua maneno ni machache: ni mimi niliyebadilisha. Lakini kila alipoyapanga, alijiona amesimama pale kabatini, Dimple anamuuliza, kwa nini? Na jibu lilikuwa, nilidhani ni ulimi wake. Miaka yote hiyo mkono wake ulikuwa ndio kitu pekee duniani alichosifiwa. Akasema moyoni, kesho asubuhi, nikiwa nimetulia.

Asubuhi alimkuta Dimple ana wageni. Jumatano Bwana Viren akamwita.

"Andika barua ya maduka, kwa Kiswahili, kwa mkono wako ule mzuri. Tutaitoa kopi. Sema ni bechi mia mbili na kumi na mbili peke yake. Sema chanzo kimepatikana na kimetupwa, dawa nyingine zote ni salama."

Angesema hapo. Mlango ulikuwa umefungwa, walikuwa wawili tu. Alifungua mdomo, na kilichotoka kikawa, "Karatasi yenye mistari au isiyo na mistari?"

Aliiandika barua ile. Aliiandika polepole, na vile alivyozidi kuogopa ndivyo alivyozidi kuzikaza herufi, mpaka ikawa nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Alipofika kwenye neno salama mkono ulisimama. Akamwomba Mungu amsamehe, akaliandika.

Ijumaa alifika mpaka mlangoni kwa Dimple, akasikia ndani anaongea na simu kwa Kigujarati, akicheka. Akarudi. Siku hiyohiyo bechi mia mbili na kumi na tisa ilitoka kiwandani, imekorogwa na kijana mwingine, gliserini ya pipa la buluu namba saba. Safari hii karatasi chafu iliandikwa Lasino na kopi safi ikaandikwa Lasino. Zubeida aliinakili sawasawa. Akaifunga kwenye faili, akaweka faili kwenye rafu, akakaa sakafuni.

*

Ilikuwa wiki mbili baadaye, Jumanne, Omondi alipoingia kuchukua fomu za stoo. Alizungumza huku akihesabu karatasi.

"Umesikia mambo ya Gatuanyaga, Mama Farouk? Mtoto mwingine. Wa jirani ya mzee Simeon, kamtoto ka miaka mitatu. Wako naye hospitali Thika, hakojoi tangu Jumapili."

"Chupa ya bechi gani?"

"Sijui. Mamake amesema alimuuliza Simeon kwanza, Simeon akamkataza. Akamwambia dawa yoyote ya kikohozi ya hapa asimpe. Lakini mwenye duka akamwonyesha barua ya kampuni, akamwambia, huyu mzee amefutwa kazi, ana uchungu, usimsikilize."

Zubeida aliinuka. Hakuvaa hata viatu vyake vya nje, alienda na champali za chumbani, akaingia kwa Dimple bila kubisha.

"Zima sufuria," alisema. "Mapipa ya buluu ndiyo mabaya. Simeon aliandika Lasino, na mimi nikaandika Rasino. Nilidhani amekosea kama anavyokosea kila siku. Nimejua tangu siku ile tulipokuwa hapa."

Dimple alimtazama. "Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Yule msichana hakumgombeza. Alisimama, akapita karibu naye, akaenda mbio kwenye masufuria, na muda si muda sauti ya mitambo ikakatika, kukawa na ukimya ambao kiwanda kile hakikuwa nao mchana. Magari yakatumwa Witeithie, Juja, Thika, Gatuanyaga, kukusanya kila chupa. Zilirudi nyingi, lakini hazikurudi zote.

Bwana Viren alikuja chumbani kwa faili jioni, uso umemshuka. Aliweka fomu mpya mezani.

"Iandike upya hiyo mia mbili na kumi na mbili. Weka Lasino. Ile nyingine tuitoe."

"Simeon hayupo kutia sahihi."

"Mtafute."

"Bwana, fomu ya bechi hii ni moja tu," Zubeida alisema, na yeye mwenyewe alishangaa sauti yake ilivyokuwa ndogo na haitikisiki. Akalifungua faili. Akachukua rula, akapiga mstari mmoja juu ya neno Rasino, mwembamba, ili chini yake lisomeke bado. Juu akaandika Lasino. Pembeni akaandika: nilibadilisha mimi, Zubeida binti Ahmad. Akaweka tarehe. Ilikuwa mara ya kwanza tangu apewe chumba kile kopi safi kuwa na kosa lililokatwa waziwazi. Bwana Viren akaichukua fomu mpya, akatoka nayo.

Alhamisi mtoto akafa. Aliitwa Mumbi.

*

Ijumaa Zubeida hakwenda kazini. Aliswali alfajiri, akajifunga leso mbili, akaenda Gatuanyaga. Kiangazi kilikuwa kimeanza mapema upande ule. Vumbi lilimfika magotini. Alimkuta Simeon nyuma ya nyumba, anachonga mpini wa jembe la kuchimbia, maana kaburi la Mumbi lilikuwa bado kuchimbwa.

"Mama Faluku," alisema. Hakusimama. Alimsogezea kigoda kwa mguu.

Zubeida hakukaa. "Simeon, ile fomu..."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua ni mkono wako. Sijawahi kusoma hizo kopi zako, lakini sikuandika vile. Ile jina niliangaria kwa pipa, nikaandika helufi kwa helufi, vile ilikuwa. Nilijua siku ileile."

"Mbona hukusema?"

Simeon aliupuliza mpini, maranda yakaruka. "Ningesema na mdomo upi? Uliona vile Omondi alicheka. Halafu ni wewe. Nilisema, huyu ni mtu mzuri, ataamka asubuhi moja atasema mwenyewe. Nikangoja. Kila siku nilisema leo atasema." Akaweka kisu chini. "Nilingoja siku nyingi sana, Mama Faluku. Ningekuja kwako Majengo siku ya kwanza, nikushike mkono nikupereke kwa yule msichana, huyu mtoto angekuwa pale anafukuza kuku."

Zubeida aliketi basi. Kutoka nyumba ya pili kulisikika wanawake wakiimba wimbo wa kanisani, sauti za chini, wakipumzika, wakianza tena.

"Watu hapa wamesema nini juu yako?"

"Wamesema mimi ndiye nilipika. Tangu wale wawili wa kwanza. Wengine wananipita njiani kama mti." Akafuta kisu kwenye suruali. "Hiyo si kitu."

"Ni kitu. Nimekuja kuwaambia."

"Utaambia watu wote?"

"Nitamwambia mama yake. Yeye akijua, watajua."

Simeon alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. Kisha akainuka, magoti yakalia, akamnyooshea mkono amwinue. "Twende. Lakini usiseme peke yako. Nami nina yangu ya kusema."

Mama wa Mumbi aliitwa Wamboi. Alikuwa binti mdogo tu, amekaa kitandani kando ya mtoto aliyefunikwa shuka, katika chumba cha ndani na wanawake watatu, anakunja nguo za mtoto na kuzikunjua. Walipoingia, mmoja wa wale wanawake alitaka kumzuia Simeon mlangoni. Wamboi akasema, "Mwacheni guka, babu yetu huyu. Yeye alinikataza."

Zubeida alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo. Akasema. Alieleza kama alivyofanya, fomu, herufi moja, siku ya ofisini, siku zote za kesho na kesho. Hakuruka kitu. Simeon naye akasema yake, kwamba alijua ni nani na akamwekea heshima badala ya kusema. Mmoja wa wale wanawake alianza kulia, akajikaza.

Wamboi alisikiliza huku mikono ikiendelea na kisweta cha manjano. Walipomaliza hakuuliza lolote kuhusu mapipa.

"Ile barua ya dukani," alisema. "Yenye kusema dawa ni salama. Nani aliandika?"

"Mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Ndiyo, mwanangu. Kwa mkono wangu."

Wamboi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayejibiwa jambo lililomsumbua. "Mimi sikusoma sana," alisema. "Lakini niliiangalia ile barua pale kaunta. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Nikasema, mtu anayeandika hivi hawezi kunidanganya."

Hakusema kwa ukali. Alikiweka kisweta juu ya nguo nyingine, akachukua soksi, akatafuta ya pili.

Zubeida alibaki pale chini. Hakuna aliyemwambia aondoke, hakuna aliyemwambia akae. Baada ya muda Simeon aliitwa nje, wakimtaka akaonyeshe mahali pa kuchimba, na ikasikika sauti ya mwanamume ikimwambia, "Pita hapa, mzee." Wanawake wakaanza tena wimbo wao. Yeye hakuujua, ulikuwa wa Kikuyu na wa kanisa lao. Alikaa nao tu, mikono mapajani, viganja juu, mpaka walipokuja kumchukua mtoto.